Namna ya kuutembea mji uliokukuza: maelekezo ya msoma mita mstaafu

Kwa miaka 22 kazi yangu ilikuwa kuinama. Nilikuwa msoma mita za maji hapa Jinja, Uganda. Unafika kwenye ua, unapiga hodi, unaulizia mbwa, unafukua majani na makaveera (mifuko ya plastiki) juu ya kisanduku, unapangusa kioo kwa kidole gumba, unaandika tarakimu, unaaga. Nilipostaafu, binti ya dada yangu alikuja kutoka Kampala na wenzake wawili, akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye unayeijua Jinja nyumba kwa nyumba. Tuzungushe."

Tukatoka. Kufika Main Street nikakuta sina la kuwaambia. Ningeweza kuwaonyesha mita ya kila duka ilipo, na ua upi una mbwa asiyefungwa. Lakini ghorofa za juu, majina yaliyoandikwa kule, umri wa majengo, sikujua kitu. Mji wangu nilikuwa naujua kuanzia magotini kwenda chini.

Tangu siku hiyo najifunza upya, na haya ndiyo niliyoyapata. Yamkini yatakufaa hata kama mji wako ni Mbale au Tororo.

Jipe kazi ya kuhesabu

Usitoke nyumbani eti unaenda kutazama mji. Nimejaribu. Macho yanateleza tu, baada ya nusu saa uko kwenye simu au umekaa mahali unakunywa soda. Mimi nimezoea kutembea na daftari, nikagundua bila kitu cha kuandika sina macho. Basi jitafutie kazi, iwe ya kipuuzi kiasi gani: hesabu milango ya buluu, mafundi saa waliobaki, miembe ya mtaa mmoja. Kitu kimoja kwa siku moja. Daftari la mtoto wa shule linatosha. Uzuri wake ni kwamba ukitafuta milango ya buluu utaona mengine yote yaliyokuwa kati ya mlango na mlango.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa miaka iliyochongwa kwenye majengo ya Main Street. Nenda Jumapili, saa moja asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa na boda hazijajaa. Na usitembee chini ya baraza! Baraza ndilo lililonificha mji miaka yote ile. Vuka, simama upande wa pili wa barabara, inua kichwa juu ya vibao vya rangi za kampuni za simu. Utaona mapambo ya saruji, madirisha ya mbao, na katikati kabisa, kwenye paji la uso la jengo, jina la familia na mwaka. Mengi ni ya kati ya miaka ya 1920 na 1950, wakati pamba na sukari vilipokuwa vinaleta pesa hapa. Idadi yangu inabadilika kila nikirudi: mara rangi mpya imeziba moja, mara mvua imefumua nyingine.

Majina hayo ni ya Wahindi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 wawe wameondoka, na walioondoka walibeba kilichobebeka. Jina lililochongwa kwenye saruji halibebeki. Leo chini ya jina la mtu kuna saluni, kibanda cha kutuma pesa na mama anayeuza mbegu za nyanya, na juu, jina bado linatazama barabara. Nilikuwa nikisoma mita za majengo hayo kila mwezi. Kwenye karatasi zangu yalikuwa namba za akaunti tu.

Soma vibao vya barabara kwa sauti

Hili linachukua dakika kumi na ni bure. Katikati ya Jinja barabara zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, kwa hiyo hupotei. Zunguka ukitamka majina: Gabula, Luba, Iganga, Kutch, Gokhale, Clive. Gabula ni cheo cha mtawala wa Bugabula, hapa Busoga. Luba ndiye chifu ambaye kwake Askofu Hannington aliuawa mwaka 1885. Kutch ni kule India walikotoka wengi wa wafanyabiashara wa kwanza, Alidina Visram mmojawapo. Mtu akikuambia Jinja haina historia, mpeleke kwenye makutano, umwachie vibao.

Kisha uliza majina ya mitaa. Mpumudde nimepita mara elfu, na maana yake naijua, "nimepumzika". Nani aliyepumzika sikuwahi kuuliza, mpaka mzee mmoja wa pale akanisimulia huku akimenya gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro, alikamatwa na Waingereza mwaka 1899 akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Aliporuhusiwa kurudi, hakufika kwao. Alifia hapo Mpumudde mwaka 1923. Na Jinja yenyewe ni jiwe, mwamba, ule wa ufukweni mitumbwi ilipokuwa inaingia majini.

Mambo madogo ya miguuni na mdomoni

Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Beba sarafu na noti ndogo. Jua la saa sita si la mtu mwenye akili, na mvua ya kwetu mara nyingi huja mchana, kwa hiyo malizana na mji mapema.

Waendesha boda watakuita kila hatua: "Mzee, twende!" Ukijibu "natembea" watakuhurumia, mmoja atashusha bei, mwingine atakufuata polepole akikusihi. Jibu "nimefika." Hata kama uko katikati ya daraja, sema nimefika. Hawana la kuongeza.

Salimu kwanza, na salimu kwa lugha ya pale. Kwa Wasoga, "kodheyo" inafungua mlango ambao kitambulisho changu cha kazi hakikuwahi kuufungua. Sokoni Kiganda kinakupeleka popote. Walukuba na karibu na kambi ya jeshi, sema Kiswahili bila haya.

Simu ya kupiga picha iache mfukoni mpaka umenunua kitu. Hili nililipia. Nilisimama mbele ya nyumba moja ya zamani, nikaipiga picha, nikaandika kwenye daftari, nikapiga hatua kurudi nyuma nipate paa lote. Mama mmoja akatoka na mwiko mkononi. "Ssebo, mnunuzi ni nani safari hii?" Mtu mzima, daftari, picha, anapima kwa hatua: ungekuwa wewe ungefikiri nini? Hapa kwetu huyo ni dalali wa viwanja. Wakaja majirani wawili, nikajieleza mpaka jasho likanitoka, nikaokolewa na kijana aliyenikumbuka enzi za mita. Sasa nikitaka kutazama nyumba, kwanza natafuta kibanda cha chapati kilicho mkabala. Nanunua roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, nyanya na vitunguu, naila taratibu nimekaa kwenye benchi. Mpaka chapati iishe utakuwa umeona paa, na mwenye chapati atakuwa amekuambia nyumba ni ya nani na kesi imefikia wapi.

Majini

Wageni wote wanapelekwa kwenye chanzo cha Nile, nawe peleka wako. Kuna sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake yalitawanywa pale mwaka 1948, na kuna mashua. Mwenyeji ana kazi nyingine ya kufanya pale. Nenda ukatazame kisichokuwepo.

Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika mwaka 1862 aliona maporomoko, akayaita Ripon. Bwawa la Owen Falls, tunaloliita Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, maji yakapanda, maporomoko yakazama. Kama unatafuta mahali yalipokuwa, acha kutazama mto mzima. Chagua kipande kimoja cha maji, hesabu pumzi ishirini. Utaona pale maji yanavyokunjana na kuvimba bila upepo, kama nguo iliyofunika kitu. Chini kuna miamba. Nilipokuwa mtoto wazee walituambia ngurumo yake iliwalaza na kuwaamsha, na kwamba ilipozimwa usingizi uliwakatika. Sisi tulicheka.

Jambo lililonifurahisha kupita yote ni hili: hata ziwa lina mita. Usawa wa maji ya Victoria unapimwa hapa Jinja, na wataalamu wanapotaja usawa wa ziwa wanataja tarakimu za kipimo chetu. Mei 1964 ilisomeka mita 13.41. Hakuna mwaka uliofikia hapo tena mpaka Mei 2020, ilipofika 13.42. Sentimita moja! Kwa karatasi zangu ningeiita hitilafu ya msomaji, lakini kwa walioishi kando ya ziwa ilikuwa maji sebuleni. Ukishuka Masese, kabla hujanunua mukene (dagaa wa ziwani), tazama kuta na mashina ya miti ya ufukweni, tafuta mstari wa madoa, kisha muulize mvuvi yeyote maji yalifika wapi mwaka ule. Hatakuonyesha kwa maneno. Ataweka kiganja kwenye mwili wake, na kiganja hicho kiandike.

Ukirudi kwa njia ya uwanja wa gofu, jua kwamba pale kuna kanuni ya miaka mingi: mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji anauokota na kuusogeza bila adhabu. Sijawahi kushika fimbo ya gofu, lakini kanuni hiyo nimeiandika ukurasa mzima.

Rudi mtaa wako kama mgeni

Hii ndiyo ngumu, niliiacha ya mwisho. Nimezaliwa Walukuba, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Baba alitoka upande wa Busia kuja kufanya kazi ya nguo. Kulia kwetu walikuwa Waacholi, kushoto Walugbara, nyuma Wagisu na Wajaluo, na ndiyo maana mpaka leo Kiswahili changu hakina kabila. Mama zetu waligombana nacho bombani na kupatana nacho misibani. Honi ya kiwanda ndiyo ilikuwa saa ya mtaa: zamu ya asubuhi ikiingia, chai iwe imechemka.

Ukienda mtaa wako, usianzie nyumbani kwenu. Ukianzia hapo utaingia ndani, utapewa kiti, siku imekwisha. Ingia kwa njia ambayo hukuwa ukiitumia. Mimi niliingia kwa upande wa ziwa, tulikokatazwa utotoni. Kutoka huko nyumba yetu ilikuwa ya saba, na ndogo, na mlango wake ulikuwa umepakwa rangi ya samli ambayo baba asingeikubali.

Kisha simama bombani. Foleni ya madumu ya manjano inasomeka. Madumu matupu, yamepangwa bila watu, maana yake maji yamekatika tangu jana na kila mmoja ameacha dumu limshikie nafasi. Watu wapo lakini hawaongei, presha ni ndogo na wamechoka. Wakipiga kelele na kucheka, maji yanatoka vizuri. Tazama pia saruji chini ya koki, ilipochimbika kwa kuwekewa madumu ya lita 20 miaka na miaka. Shimo la bomba letu linaingia ngumi yangu yote.

Siku hiyo kazi yangu ilikuwa miembe. Nilikuwa nimefika kumi na mmoja nilipokata kona ya ua mmoja na daftari mkononi, na mtoto, ambaye sidhani alikuwa amezaliwa nikiwa kazini, akapiga kelele, "Mita! Mita anakuja!" Jina langu lile lile, wamerithishana. Bibi aliyekuwa anafua akaruka, akafunga koki, akasimama mbele yake ametandaza gomesi, lile gauni refu la kina mama wa kwetu, kama kuku mwenye vifaranga.

"Mama, shikamoo. Nimestaafu."

"Marahaba. Sasa hicho kitabu cha nini?"

"Nahesabu miembe."

Akanitazama muda mrefu. Ofisi ya maji imewahi kutoza watu mambo mengi, pengine hili lilikuwa jipya. Halafu akaonyesha kwa kidevu nyuma ya jiko, kwenye mti mkubwa ulioinamia mabati, ambao nilikuwa nimepita chini yake kila mwezi kwa miaka 22 nikienda kwenye kisanduku.

"Wangu ni huo mmoja. Na uandike nilipanda mwenyewe, usije ukasema ni wa kiwanda."

Nikaandika. Akafungua koki.