Jaribio kwanza, msimbo baadaye: nilivyoanza na faini ya shilingi 50

Mfumo wetu ulikuwa ukiwatoza faini watu waliokwisha kulipa. Tuliuandika kwa ajili ya chama cha wauza mboga wa Marikiti, soko la Nairobi, wale wanaofika pale Haile Selassie Avenue usiku wa manane kusubiri malori ya viazi na kabichi. Kila mwanachama huweka shilingi 200 kwa siku kwa M-Pesa, na siku asipoweka hutozwa faini ya 50. Mhazini wao, mama ambaye hadi leo hatembei bila daftari lake, alinipigia simu saa moja asubuhi: "Mwanangu, huu mtambo wako unamtoza faini mtu ambaye pesa zake naziona hapa kwa simu."

Ilituchukua siku 2 kuipata hitilafu. Msimbo ulikuwa ukiiuliza seva leo ni tarehe ngapi, na seva ilihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, sisi huku tumeshaingia siku mpya na seva bado iko jana. Mama aliyelipa tarehe 6, saa saba na nusu usiku, aliandikiwa tarehe 5. Tarehe 5 ikawa na malipo mawili, tarehe 6 ikabaki tupu, faini ikapita. Nasi tulikuwa tukiujaribu mfumo kwa mkono, tumekaa ofisini Ngong Road, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa saa hizo tusingeiona kamwe.

Namwandikia mwenzangu ambaye ameambiwa mara nyingi aandike majaribio, yaani vipande vifupi vya msimbo vinavyokagua msimbo mwingine, kabla ya msimbo wenyewe, akajitahidi wiki moja, akaacha. Mimi niliacha mara 2. Kuandika jaribio si kazi ngumu. Kilichonishinda ni msimbo wenyewe kukataa kujaribiwa, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

Anza na hitilafu iliyokuuma

Usianze na mfumo mzima. Mara ya kwanza nilifungua faili moja la mistari zaidi ya 3,000, nikasema nitaliandikia majaribio lote. Siku ya tatu nilikuwa bado natafuta pa kuingilia. Chukua hitilafu moja ambayo mteja ameilalamikia wiki hii. Iandikie jaribio linaloionyesha, ndipo uirekebishe. Hitilafu ya namna hiyo ina faida moja kubwa: unajua kwa hakika jibu sahihi ni lipi, kwa sababu kuna mtu amekupigia simu kukuambia.

Yetu ilikuwa hivi mwanzoni:

    def ni_ya_leo(malipo):
        return malipo.wakati.date() == datetime.now().date()

Utaijaribuje hii? Ungelazimika kukesha. Saa imefichwa ndani ya funksheni, yaani kile kipande cha msimbo kinachoanza na def, na kitu kilichofichwa ndani hukishiki kutoka nje. Dawa yake ni kuitoa saa nje na kuipitisha mlangoni, yaani kwenye mabano ya funksheni, kama kitu kingine chochote:

    NAIROBI = ZoneInfo("Africa/Nairobi")

    def ni_ya_siku(wakati, siku):
        return wakati.astimezone(NAIROBI).date() == siku

    def test_malipo_ya_saa_saba_na_nusu_usiku():
        wakati = datetime(2024, 3, 5, 22, 30, tzinfo=timezone.utc)
        assert ni_ya_siku(wakati, date(2024, 3, 6))

Saa 22:30 ya UTC ni saa saba na nusu usiku wetu, siku inayofuata. Sasa unaweza kujaribu usiku wa manane ukiwa umekaa mezani saa nne asubuhi na chai yako. Badiliko lenyewe ni dogo, lakini ndilo lililonifungua macho: jaribio likikuwia gumu kuandika, mara nyingi linakuonyesha mahali msimbo wako umefungamana na kitu ambacho haukupaswa kukishika. Saa, mtandao, hifadhidata, namba za nasibu. Vyote hivyo vipitishe mlangoni.

Lione likiwa jekundu

Kent Beck, Mmarekani aliyeieneza njia hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, aliiweka kwa hatua tatu: jaribio lifeli (rangi nyekundu), lipite (kijani), kisha safisha msimbo. Wengi wetu huruka ya kwanza. Kwani kuna haja gani ya kutazama kitu kikifeli wakati unajua kitafeli?

Mimi niliruka, na nikalipa. Niliandika majaribio 6 ya faini, nikayapa majina ya Kiswahili: jaribio_la_faini_ya_kuchelewa na mengine kama hayo. Nikaendesha pytest, programu inayoendesha majaribio ya lugha ya Python, kila kitu kijani. Wiki mbili baadaye hesabu ya faini ikaharibika tena, na majaribio bado kijani. Pytest huokota tu funksheni ambazo majina yake yanaanza na test. Yangu 6 hayakuwahi kuendeshwa hata mara moja. Kama ningeyangoja yafeli kwanza, ningegundua ndani ya dakika moja.

Ukitaka majina yako yaanze na jaribio, na mimi napenda hivyo, weka hii kwenye pytest.ini:

    [pytest]
    python_files = test_*.py jaribio_*.py
    python_functions = test_* jaribio_*

Halafu haribu msimbo kwa makusudi, geuza alama moja ya kujumlisha iwe ya kutoa, uone kama kuna kinachopiga kelele.

Malipo ya simu

Hapa Nairobi ni nadra uandike programu ya biashara isiyogusa M-Pesa, na hapo ndipo wengi hukwama. Jaribio linalotuma ombi la kweli kwenye Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, linahitaji intaneti, linachukua sekunde kadhaa, na linafeli siku mtandao ukisumbua hata kama msimbo wako ni mzima. Baada ya mara tatu za kufeli bila sababu, timu inazoea rangi nyekundu. Timu ikishaizoea rangi nyekundu, umepoteza kazi yote.

Tenga vitu viwili: kuongea na mtandao, na kuamua la kufanya na jibu lililokuja. Cha kwanza kiwe kifupi kabisa, mistari michache isiyo na maamuzi. Cha pili ndicho chenye hatari, na hakihitaji mtandao hata kidogo. Jibu la malipo ni maandishi tu, yaliyopangwa kwa mtindo uitwao JSON. Nasa jibu moja la kila aina, liweke kwenye faili kando ya majaribio: lenye ResultCode 0, yaani malipo yamefaulu, lenye 1032, mteja ameghairi kwenye simu yake. Kabla hujalihifadhi, futa namba ya simu ya mtu na uweke ya kubuni. Hiyo ni taarifa binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Kisha andika jaribio ambalo kwangu ni la lazima kuliko yote: jibu lilelile likifika mara mbili, salio lipande mara moja tu. Mtandao hukatika katikati na ujumbe hurudiwa, kwa hiyo usichukulie kwamba kila jibu litafika mara moja. Hifadhi namba ya risiti, ile MpesaReceiptNumber, na ukiiona tena usiongeze kitu. Tulipoandika jaribio hilo lilifeli papo hapo. Mfumo ulikuwa umefanya kazi miezi minne.

Lakini usiigize kila kitu. Jibu la kuigiza linajua yale tu uliyolifundisha, na likizeeka litaendelea kukubaliana nawe wakati ulimwengu umebadilika. Sisi tumeacha majaribio 3 yanayogusa mazingira ya majaribio ya Daraja kwelikweli. Yanaendeshwa usiku, peke yake, na yakifeli hayamzuii mtu kuendelea na kazi.

Jambo la pesa nitalipitia haraka: weka kiasi kwa senti, namba kamili. Kwenye Python 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, na mhazini hatakuelewa.

Kasi, na bosi

Majaribio yetu yalifika mahali yakachukua dakika 9, kwa sababu kila moja lilijenga hifadhidata upya. Hakuna aliyeyaendesha. Tulihamisha hesabu zote kwenye funksheni zisizoijua hifadhidata, tukabaki na majaribio machache yanayoigusa, na sasa yote humalizika kabla hujainua kikombe. Ukiona wenzako hawaendeshi majaribio, pima muda kabla ya kuwalaumu.

Kuhusu bosi, usiombe ruhusa ya "kuandika majaribio" kama kazi ya pembeni. Ataikata, na kwa upande wake ana haki, anaona siku 3 zisizo na kitu cha kumwonyesha mteja. Ukiulizwa kazi itachukua muda gani, taja muda wenye majaribio ndani yake. Fundi wa nguo hakuulizi kama utalipia kupima kiuno. Na ukibanwa kweli, banwa kwenye kurasa na rangi. Pesa na tarehe usizikubali bila jaribio.

Mteja mmoja aliwahi kutudai asilimia 80 ya msimbo iguswe na majaribio kabla ya kutulipa. Tuliifikisha, kwa majaribio yaliyoita funksheni bila kuuliza kama jibu ni sahihi. Nasikitika tulifanya hivyo. Asilimia inakuambia mstari upi haujaguswa. Haikuambii kama ulioguswa ni sahihi. Itumie kutafuta mapengo, uishie hapo.

Majina

Lipe jaribio jina ambalo mwenye kazi angelisema mwenyewe. Usiandike jaribio_faini_3. Andika jaribio_aliyelipa_saa_saba_usiku_hatozwi_faini, hata likiwa refu. Mwezi uliopita nilimpigia mhazini wa Marikiti, nikamsomea majina yote moja moja, kama 20 hivi, yeye akifuata kwenye daftari lake. Aliitikia, "Eeh. Hiyo ni kweli. Eeh, endelea." Nilipofika mwisho akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na Jumapili je, mwanangu? Jumapili hatuchangi."

Niliandika jaribio la Jumapili akiwa bado kwenye simu. Likatoka jekundu.