Ukishea utafiti wa mikoko weka DOI bana

Jamani mnaofanya utafiti wa mikoko na tabianchi, mkishea pepa yenu msitupie skrinshoti au PDF tupu, wekeni linki yenye DOI (ile namba ya kudumu ya kila pepa), kwa sababu Altmetric, ile huduma inayofuatilia pepa zinavyotajwa mtandaoni, inahesabu linki, haisomi picha, so watu wanaweza kuisema pepa yako wiki nzima na wewe ukabaki na sifuri. Na WhatsApp ndo usahau kabisa, huko hakuna anayeona, na ndo huko sisi tunapiga stori zote za pwani, haya.

Ukitaka kuchungulia, kuna kitufe cha bure cha Altmetric unaweka kwenye brauza, unafungua ukurasa wa pepa yako unakibonyeza. Ila ile namba inayotokea katikati ya duara la rangi, ndo jumla ya pointi zako, isikuchanganye, gazeti lina pointi nyingi kuliko posti, Wikipedia inabaki pointi 3 hata ukitajwa kurasa kumi. Bonyeza ndani uone NANI kakutaja. Mimi kwa mfano pepa kuhusu Mikoko Pamoja ya Gazi kule Kwale, ule mradi wa wanakijiji wanaotunza mikoko na kuuza hewa ya kaboni, ningefurahia kutajwa kwenye waraka mmoja wa sera kuliko posti mia za kupongezana sisi kwa sisi.