Redio na santuri za marehemu: zitengenezwe au ziuzwe?

Usichomeke kwanza. Amplifaya iliyokaa kabatini miaka 20 ina kapasita za elektroliti (vipuri vya kuhifadhi chaji) zilizochoka, na ukiipiga umeme wote kwa mkupuo zinaweza kupasuka au kuunguza transfoma, kipuri kigumu kuliko vyote kupata.

Soma kibati cha nyuma. Volti 120 ni ya Marekani, 100 ni ya Japani. Kwetu ni 230 hadi 240. Wengi hununua transfoma ya kushushia na kudhani kazi imekwisha. Kwa amplifaya, sawa. Kwa mashine ya santuri ambayo mota yake hufuata hezi za umeme (mara unazogeuka kwa sekunde), bado: Marekani ni hezi 60, hapa ni 50, kwa hiyo santuri ya mizunguko 33⅓ itazunguka chini ya 28 kwa dakika na mwimbaji atasikika kama mwenye usingizi. Dawa ni kubadili puli ya mota, kigurudumu kinachozungusha sahani. Redio ya soko la Japani nayo FM yake kwa kawaida huishia megahezi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Sasa fungua kifuniko. Kutu ya chumvi ya pwani, kapasita zilizovimba kichwani, harufu ya kuungua, alama za lehemu ya zamani: piga picha vyote. Kwenye spika, gusa kwa kidole ukingo wa sponji unaozunguka koni, ile sehemu inayotetemeka. Ukimeguka kama keki, usihuzunike, hicho ni kipuri rahisi. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili vilivyokabiliana. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inasugua, na hapo gharama hupanda. Spika ya omu 8 hupimwa takriban 6 kwenye mita. Mita isiposoma kitu, koili imekatika.

Kuwasha ni kazi ya fundi, kwa balbu ya zamani ya waya, wati 60 hivi, iliyofungwa mfululizo kwenye njia ya umeme. Balbu ikimulika kisha ikafifia, heri. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti, zima. Kabla ya kuunga spika apime volti za DC (umeme wa mkondo mmoja) kwenye matokeo, pale spika zinapounganishwa: zikizidi milivolti 50, afuatilie sababu kwanza.

Ukanda wa mpira, sindano, sponji za spika, kusafisha volyumu inayokwaruza: tengeneza bila kusita. Kapasita pia zinafaa, mradi mikrofaradi ziwe zile zile, volti ziwe sawa au zaidi, na ziwe za nyuzi joto 105. Zikiungua transista za matokeo au moduli za STK (chipu za kukuzia sauti), fikiria upya. Bandia zimejaa sokoni, na zikifungwa huweza kufa jioni ile ile. Gharama yote ikizidi nusu ya bei ya chombo kama hicho kilicho kizima, uza kilivyo.

Kosa la kawaida ni kutengeneza ili uuze. Mtu anayetafuta Garrard 301, mashine ya santuri ya Uingereza iliyotoka miaka ya 1950, ataichukua na vumbi lake. Akiona rangi mpya na waya zilizokatwa hovyo, atashusha bei au ataondoka.

Santuri ziuze kando, na kama mirathi haijagawanywa, warithi wakubaliane kwanza. Zile nzito za mizunguko 78 zisisafishwe kwa spiriti, kwani huyeyusha lakiri (shellac) iliyozitengeneza. Zinahitaji pia sindano yake, yenye ncha nene karibu mara tatu ya ile ya LP, santuri za mizunguko 33⅓; ya LP huzama chini ya mfereji na kuokota kelele.

Ukimtumia mnunuzi mashine ya santuri, toa sahani na uzito wa nyuma wa mkono, vifunge kando, kisha funga mkono kwenye kishikizo chake. Kaza skrubu za kusafirishia kama zipo, na sindano iende na kifuniko chake.