Unatafutia mzee wako wilichea ya kukunja? Beba tepu kabla hujabeba pesa

Kiti cha magurudumu cha kwanza tulichomnunulia mama baada ya stroki, yaani kiharusi, kilikuwa na upana wa inchi 20. Muuzaji alisema kikubwa ndo chenye raha, atakaa kama kwenye kochi, na sisi tukakubali manake hatukuwa tunajua chochote na mama alikuwa amekaa kitandani wiki nzima anataka kutoka nje. Mama ni mwembamba. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, hiki kiti kinanimeza." Alikuwa anaangukia upande wa kushoto ule uliolegea, tunamwekea mito, inateleza, tunamrudisha, anaanguka tena, na kabla miezi miwili haijaisha akawa na kidonda juu kidogo ya matako, pale kwenye mfupa wa mkia. Kukiuguza kile kidonda kilitusumbua kuliko hata stroki yenyewe. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa nimeyajua baada ya kuumia, na sitaki mwingine apite njia hiyo.

Anza nyumbani, sio dukani. Tafuta tepu ya fundi cherehani, mkalishe mtu wako kwenye benchi au kiti kigumu, kochi hapana, avae nguo na viatu vyake vya kila siku, magoti yakunjwe na nyayo ziguse chini. Weka kitabu kigumu au kipande cha ubao kila upande wa nyonga, viguse mwili bila kubana, alafu upime kutoka kimoja hadi kingine. Huo ndo upana wake. Ongeza sentimita 2 au 3, basi. Usiongeze kwa sababu eti atanenepa. Viti vingi vinauzwa kwa inchi, 16, 18 na 20, yaani kama sentimita 41, 46 na 51, sasa mtu mwenye nyonga ya sentimita 38 ukimpa inchi 20 anabaki na nafasi ya zaidi ya sentimita 6 kila upande, na mwili uliolegea utaifuata tu hiyo nafasi. Kiti kipana pia kinamfanya apanue mikono sana kufikia magurudumu, mabega yanauma bure.

Kipimo cha pili ni kutoka nyuma kabisa ya matako mpaka nyuma ya goti. Toa sentimita 3 mpaka 6, ukipata hapo ndo urefu wa pa kukalia. Akishakaa, vidole vyako viwili vitatu vinatakiwa kupita kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kikiwa kirefu zaidi kinamchoma nyuma ya goti, na yeye bila kujua atajivuta mbele ili apumzike, mgongo unapinda, uzito wote unahamia kwenye mkia. Ukiona mtu kila saa anateleza mbele, usimkaripie kwamba hataki kukaa vizuri, angalia kwanza huo urefu na vikanyagio.

Vikanyagio watu wanavipuuza sana. Pima kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino akiwa na viatu, toa unene wa mto wa kukalia, hapo ndo kikanyagio kinatakiwa kuwa. Kikiwa juu sana magoti yanapanda, mapaja hayagusi kiti na matako yanabeba mzigo wote. Kikiwa chini sana miguu inaning'inia na inamvuta mbele. Pitisha kiganja chini ya paja karibu na goti, unatakiwa uhisi paja limelala kwenye mto. Na chini ya kikanyagio kibaki kama sentimita 5 kutoka ardhini, la sivyo kitakuwa kinagonga kila jiwe. Chagua kiti ambacho vikanyagio vinashuka na kupanda kwa spana na pia vinafunguka kwenda pembeni, hiyo ya kufunguka itakusaidia sana wakati wa kumhamishia kitandani.

Pa kuegemea inategemea nguvu zake. Anayejisukuma mwenyewe anataka mgongo wa kiti unaoishia chini ya mifupa ya mabega ili mikono iwe huru, lakini mtu ambaye hawezi kujishikilia kiwiliwili anahitaji mrefu zaidi. Mikono ya kiti iwe ile ya kutoka au kuinuka, manake kumtelezesha upande kwenda kitandani ni rahisi kuliko kumnyanyua juu ya chuma.

Sasa jiulize nani atakuwa anasukuma. Kuna viti vyenye magurudumu madogo manne, hivyo ni vya kusukumwa tu, vinaingia kwenye buti ya gari kirahisi lakini mgonjwa hawezi kujisogeza hata hatua moja, na kwenye murram, barabara isiyo na lami, vinakwama. Vyenye magurudumu makubwa ya nyuma ya inchi 24 vinamwachia mtu uhuru wake hata kama ni kusogea tu kutoka chumbani mpaka barazani, na mimi kama anaweza kutumia hata mkono mmoja ningemnunulia hivyo. Kwa wa stroki kuna kitu nimejifunza kwa kuchelewa: wengi wanaweza kujiendesha kwa mkono mmoja na mguu mmoja, ule upande mzima usiolegea, mradi kiti kiwe chini kiasi cha kisigino kukanyaga sakafu. Kiti cha kawaida ukishaweka mto juu yake kinakuwa juu mno kwa mtu mfupi. Ulizia kinachoweza kushushwa, kisha ondoa kikanyagio cha upande wa mguu mzima. Mama siku alipojivuta mwenyewe mpaka mlangoni alilia, na mimi nikalia.

Kwa mtu aliyekatwa miguu yote miwili kuna hatari nyingine. Bila uzito wa miguu mbele, kiti kinapinduka kinyumenyume kirahisi, hasa kwenye mlima. Huyo anahitaji kiti ambacho ekseli ya magurudumu makubwa inarudishwa nyuma zaidi, au chenye vyuma vya kuzuia kupinduka. Hili usilifanye kwa kukisia, nenda kwa wataalamu.

Na wewe unayemhudumia, mwili wako pia ni wa kupimwa. Mishikio ya kusukumia iwe karibu na usawa wa kitovu chako, ukiwa unainama kila siku mgongo utakuja kudai. Kiti cha chuma kinafika kilo 17 mpaka 20, cha aluminiamu kama 12 mpaka 15, na tofauti hiyo unaisikia siku unapokipandisha kwenye taksi pale Jinja Road, Kampala, huku kondakta anapiga kelele na mgonjwa anakungoja. Jaribu hapo hapo dukani: toa mto, kunja vikanyagio, shika kitambaa cha kukalia mbele na nyuma katikati, vuta juu, kijikunje. Alafu kifungue kwa kusukuma vyuma vya pembeni kwa viganja, vidole usivizungushe kwenye chuma, vitabanwa, mimi nilipoteza kucha. Kisha kinyanyue mpaka usawa wa kiti cha gari. Kama umeshindwa dukani, barabarani hutaweza. Vingine magurudumu makubwa yanachomoka kwa kubonyeza kitufe cha katikati, hapo unabeba vipande viwili vitatu vyepesi.

Lakini wepesi una bei yake huku kwetu. Chuma kikipasuka, fundi yeyote wa kuchomea, uwe Katwe kwa mafundi wa Kampala au kijijini, anakirudisha. Aluminiamu mafundi wengi wa barabarani hawaiwezi. Anayekaa kijijini na hana safari nyingi za gari, mimi ningemwambia achukue chuma na akipake rangi kinapochubuka kabla mvua haijaleta kutu. Anayekaa mjini na anapanda gari kila wiki kwenda mazoezi, aluminiamu.

Magurudumu yapimwe na njia yako, sio sakafu ya duka. Yale madogo ya mbele yakiwa membamba na magumu yanazama kwenye mchanga na kukwama kwenye ufa, mgonjwa anarushwa mbele. Tafuta ya inchi 8 na mapana kiasi. Ya nyuma yenye upepo yanapunguza mtikisiko sana, shida ni pancha, yale ya mpira mzima hayana pancha ila yanatikisa mifupa. Kwa barabara zetu nachagua ya upepo. Ila sikiliza hili: tairi nyingi za wilichea ni 24 kwa 1 3/8, na hiyo hailingani na ya baiskeli ya mlima ya inchi 24 hata kama namba ya mwanzo ni ile ile, haiingii kwenye rimu. Nunua tairi na tyubu za akiba siku hiyo hiyo unayonunua kiti. Kuziba pancha fundi wa baiskeli anaweza, kukutafutia tairi ambayo haipo mjini hawezi.

Sisi wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, tumezoea zile baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mkono, wenzetu wenye ulemavu wanavusha nazo mizigo mpakani na kulisha familia. Ni nzuri sana kwa barabara ndefu. Ndani ya nyumba haigeuki, kwa hiyo kama mtu wako anahitaji kufika chooni na jikoni, hiyo haiwezi kuwa peke yake.

Choo nacho kipime, pamoja na milango yote. Kiti cha upana wa sentimita 46 kinakuwa kama 65 ukihesabu magurudumu na duara za kushikia, na vyumba vyetu vya kupanga vina milango ya kila aina. Kama kuna ngazi mlangoni, tengeneza mteremko: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi ya sentimita 20 inataka mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Mfupi zaidi ya hapo utakushinda kusukuma. Kwenye kushuka ngazi moja geuza kiti, wewe tangulia, magurudumu makubwa yashuke kwanza taratibu.

Sasa mto wa kukalia, na hapa naomba usome polepole. Kile kitambaa cha kiti cha kukunja sio mto. Kinabonyea katikati kama machela, magoti yanagongana, nyonga inalala upande. Kadiri kinavyozeeka ndo kinazidi kubonyea. Unahitaji mto wa sponji ngumu wa sentimita 5 mpaka 10, bora zaidi wa tabaka mbili, ngumu chini na laini kidogo juu, wenye kifuniko kinachofuliwa. Sponji ya godoro la bei ya chini inakuwa tamu wiki ya kwanza kisha inalala kabisa, ndo kosa letu la pili.

Kuna jaribio la mkono ambalo wanaofundisha kazi hii wanalitumia. Mwambie mtu ainame mbele kidogo, ingiza vidole kati ya mto na ule mfupa wa tako, kiganja kikitazama juu, kisha akae wima. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini japo milimita 5, ni salama. Ukishindwa kuchezesha lakini ukaweza kuvitoa bila shida, kuwa macho. Vikiwa vimebanwa kabisa, mto huo haumfai, tafuta mwingine. Fanya pande zote mbili.

Na hata mto ukiwa mzuri, ajinyanyue au umwegemeze mbele na kando kila baada ya nusu saa hivi, ili damu ipite. Kila jioni angalia ngozi ya matako, mkia na visigino. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu, tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto au ngumu kuliko jirani yake. Ukiiona, asikalie hapo mpaka ipone, na umpeleke kituo cha afya mapema. Anayepoteza hisia miguuni hatakuambia kwamba panauma.

Ukiweza, usinunue peke yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu mwaka 2008, na wanasisitiza kwamba mtu apimwe, apewe kinachomfaa, afundishwe kukitumia, alafu afuatiliwe. Kampala kuna karakana ya vifaa vya mifupa pale hospitali ya Mulago, na CoRSU, hospitali ya watu wenye ulemavu, iko Kisubi kwenye barabara ya Entebbe. Nauli ya kwenda kupimwa ni ndogo kuliko gharama ya kidonda.

Ukipewa kiti kilichotumika, shukuru, kisha kikague. Kisukume kwenye sakafu tambarare ukiachie, kikienda upande mmoja fremu imepinda. Magurudumu yote manne yaguse chini. Vuta kila gurudumu kando, likicheza beringi au ekseli imekwisha. Funga breki usukume, kisisogee. Angalia vile vyuma vya msalaba chini ya kiti, kwenye maungio, kama kuna ufa hata mwembamba kama unywele, usikikubali mpaka kichomewe.

Kikishafika nyumbani asikae siku nzima kwa mara ya kwanza. Nusu saa, mtoe, angalia ngozi, kesho muda wa saa moja, na kuendelea. Kaza nati wiki ya kwanza, alafu kila mwezi, futa matope kwenye magurudumu ya mbele manake nywele na nyuzi zinajisokota mle, jaza upepo. Breki funga kila mara kabla hajakaa na kabla hajanyanyuka, hata kama ni kwa dakika moja, hata kama umemshika.