Kabla ya kuonja wanzuki, inuse
Ukipata wanzuki, pombe ya kienyeji, iliyotengenezwa kwa asali hapa Tabora, usiigandishe kwenye friji. Baridi kali huficha harufu, na harufu ndiyo wanzuki yenyewe: nyuki wetu huchuma kwenye maua ya miti ya miyombo, na maua hayo hubaki kwenye pombe hata hamira ikishaula utamu wa asali. Mimina nusu glasi, si kikombe cha plastiki. Izungushe, uinuse. Piga funda dogo, lishike mdomoni, meza, kisha toa pumzi puani. Hapo ndipo maua yanapojitokeza. Ikinuka siki, imeshachacha, iache. Ikiwa tamu tu bila kuacha chochote puani, mimi huishuku kuwa ni ya sukari. Na tafadhali, siku hiyo usijipulizie manukato.