Namna ya Kulitafsiri Neno "Forum" Katika Barua ya Mwaliko

Katika jiji la Arusha, ambako mikutano huwapa riziki watu wengi, mwandishi wa barua za mwaliko hawezi kulikwepa neno la Kiingereza "forum". Nakala ya Kiingereza humfikia jioni, naye hutakiwa aitafsiri usiku ili asubuhi bango lichapwe, na kwa haraka hiyo kila "forum" hugeuka "jukwaa". Kabla ya kuandika hivyo, inafaa kuchungulia neno lenyewe limetoka wapi.

Chimbuko lake ni Kilatini, na ndugu zake katika lugha hiyo ni maneno yenye maana ya mlango na ya nje. Forum ilikuwa mahali, wala haikuwa mkutano: uwanja wa wazi ambako wakazi wa mji walifanya biashara, waliendesha kesi na kusikiliza hotuba. Uwanja mashuhuri wa Roma ulikuwa bondeni, kati ya kilima cha Palatino na cha Kapitolino. Mwingine, karibu na mto Tiber, ulikuwa mnada wa ng'ombe. Kiingereza kililichukua neno hilo katika karne ya 15, kisha jina la mahali likahamia kwenye shughuli yenyewe. Hata "forensiki" ya wapelelezi imezaliwa humo, kwa kuwa mashauri yalisikilizwa uwanjani. (Wakazi wa Arusha hawatashangaa: Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015, ilisikiliza kesi zake katika majengo ya AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano cha Arusha.)

Warumi walikuwa na jukwaa pia, lakini waliliita Rostra, kwa sababu lilipambwa kwa ncha za omo za merikebu zilizotekwa Antium mwaka 338 kabla ya Kristo. Msemaji alisimama juu yake, umma ukasimama chini, uwanjani. Kwa hiyo anayeandika "jukwaa" ametafsiri mahali pa msemaji na kuusahau umma. Nakiri kwamba matumizi ya leo yamelipanua neno hilo, nami siligombi pale ambapo watu wanapokezana kweli kusema.

Neno lililosafiri njia moja na "forum" ni "baraza". Lilikuwa mahali pa kukaa mbele ya nyumba, wageni wakapokelewa hapo na mambo yakazungumzwa, hata jina la mahali likawa jina la wanaokaa, kama tusemavyo Baraza la Mawaziri. Tatizo lake ni kwamba msomaji akiona "Baraza la Vijana" atafikiria chombo cha kudumu chenye mwenyekiti na mhuri. Ukilitumia kwa shughuli ya siku moja, andika "baraza la wazi".

Ili uchague vizuri, omba ratiba, kwa maana kichwa cha barua hakitakusaidia, kisha hesabu dakika walizopewa watoa mada na dakika walizopewa waalikwa. Iwapo mada zimeijaza siku nzima, hiyo ni semina, neno ambalo asili yake ya Kilatini ni kitalu cha miche. Mkulima wa kahawa wa Moshi ataelewa mara moja nani anamwagilia na nani anamwagiliwa. Iwapo watu wa sehemu mbalimbali wanaleta hoja na kujadiliana, andika "kongamano". Iwapo yeyote anaweza kufika bila kadi, ni mkutano wa hadhara. Jina la taasisi lililokwisha kusajiliwa kwa Kiswahili linakiliwe lilivyo.

Wakati fulani mratibu mmoja aliniletea ratiba ya "forum" ya wakulima wa mboga, iliyoanza saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Niliandika "semina", naye akalalamika kwamba wafadhili wanataka jukwaa. Nikaweka kidole kwenye mstari uliosomeka "Maswali: dakika 15", uliobanwa kabla ya chakula cha mchana. "Mama, wakulima watasema saa ngapi?" Aliitazama karatasi kwa muda, akaomba kalamu, akafuta mada mbili za mchana na kuandika "Majadiliano" kwa mkono. Bango likachapwa "Kongamano la Wakulima wa Mboga".