Kufanyia Kazi Nyumbani Unguja na Pemba: Betri, Laini na Sauti ya Kanisani

Kumtoa mtu Wete aje mjini Unguja kwa kikao cha saa moja ni safari ya siku mbili: gari hadi Mkoani, boti, kulala, kisha kurudi. Afisi yenye tawi Chake Chake, au kanisa ambalo wazee wake wametawanyika visiwa vyote viwili, lina kila sababu ya kuufanya utaratibu wa kufanyia kazi nyumbani uwe wa kudumu.

Msianze na vifaa, anzeni na daftari. Wiki mbili kila mtu aandike kazi zake na kama zilimlazimu awepo. Kupokea fedha taslimu, kupiga muhuri na kumsikiliza mteja aliyekuja na bahasha yake vitabaki afisini. Hesabu, barua, ripoti na ratiba za ibada zinaweza kutoka.

Kisha umeme. Visiwa hivi vinaupata kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na aliyekuwapo Unguja mwishoni mwa 2009 anakumbuka ile miezi kama mitatu ya giza. Pigeni hesabu: laptopu wati 45, rauta 10, taa 9, jumla 64. Betri ya jeli ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara itakufa mapema. Toa na asilimia 15 inayopotea kwenye inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa wa nyumbani), zinabaki kama 510, yaani saa nane hivi. Ukiwasha na feni ya wati 50, hata saa tano hazifiki.

Asiye na uwezo wa inveta anunue betri ndogo ya rauta tu, maana laptopu ina yake. Soma kwanza maandishi chini ya rauta: ya volti 9 ikichomekwa kwenye 12 inaweza kuungua. Na jihadhari zaidi umeme unaporudi kuliko unapokatika, kwani hurudi kwa kishindo. Chomoa, subiri dakika tatu.

Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na mtandao haupenyi. Rauta ikae dirishani. Kila mtu awe na laini mbili za kampuni tofauti, kwa sababu umeme ukikatika minara ya simu nayo hutegemea betri, na ukikatika muda mrefu huanza kuzimika mmoja mmoja. Kikao cha video hula takriban GB 1 kwa saa au zaidi. Sauti peke yake haifiki MB 100. Salimianeni kwa video, kisha zimeni kamera.

Kanisani, ibada ikirushwa mtandaoni, kinachoharibu ni sauti, si picha. Kanisa la mawe, kama lile la Mkunazini, lina mwangwi, na simu iliyowekwa benchi la nyuma itachukua mwangwi na feni, mahubiri yapotee. Vuta waya kutoka kwenye mikseri (mashine ya kuchanganyia sauti) hadi kwenye simu. Tazama plagi: iwe na pete tatu nyeusi. Ikiwa na mbili, simu itaendelea kusikiliza kwa maikrofoni yake bila kukwambia. Sauti ikikwaruza, punguza kwenye mikseri, si kwenye simu. Kwa video ya ubora wa 720p tafuteni kasi ya kupandisha (kutuma data) ya Mbps 3, na mpime Jumapili saa ileile ya ibada. Kipimo cha Jumanne usiku kinadanganya.

Ijumaa vikao viishe kabla ya saa tano na nusu. Ramadhani viwe asubuhi tu.

Mwisho ni nani analipa. Bando na uniti za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) zikiachwa kwa mfanyakazi, hatalalamika. Atasema "mtandao mbovu" kila ifikapo tarehe 20. Andikeni kiasi, na kitumwe tarehe 1 pamoja na mshahara.